Upande Mmoja wa Karatasi

London, Ijumaa asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima zote, nimepiga goti kama ulivyonifundisha, ila safari hii goti liko chini ya meza na wewe hulioni. Hujambo? Mguu wako wa kushoto unaionaje baridi hii ya Machi? Na Pompey, yule mbwa wako mnene, bado anakoroma juu ya mto wa marehemu baba? Mimi ni mzima. Kile kikohozi cha Januari, ambacho nilikuandikia mara nne na hukuniuliza hata mara moja, kimepona chenyewe. Nadhani kilichoka kusubiri.

Barua yako nimeipata asubuhi hii. Mistari mitatu. Niseme nilikuwa nakuandikia, niseme sikusikia, na Jumanne nitoke na mjomba. Basi. Hakuna hujambo, hakuna mwanangu, hata jina lako hukutia chini. Siku nne nzima hukupata barua kutoka kwangu, jambo ambalo halijatokea tangu nilipokuwa na miaka saba, na hukuuliza kama nimekufa. Kwa hiyo nimeamua kukujibu kwa urefu. Katika nyumba yetu mimi ndiye mwenye maneno na wewe ndiye mwenye mkasi. Hilo la mkasi tutalifikia, usiwe na haraka.

Kwanza nikupe habari njema: mwanao amekuwa maarufu. Siku zote ulikuwa unawaambia wageni kwamba kaka yangu Hugh amepata urithi na mimi Ludovic nimepata mdomo, na mdomo haujengi nyumba. Sasa njoo uone. Kwenye dirisha la duka la picha, hapo mtaa wa pili, wamenitundika tangu jana. Wamenichora na kofia ya mtoto mchanga yenye utepe, nimekaa kwenye benchi la Bunge miguu haifiki chini, naandika huku ulimi uko nje, na dari linaniporomokea. Chini wameandika: MAMA MPENZI, LEO HAKUNA JIPYA. Nilisimama kuitazama kwa muda mrefu. Pua wamenionea, lakini miguu wameipatia, na kila mtu anajua nina miguu mizuri kuliko Hugh. Mama mmoja muuza samaki alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena, halafu akaniuliza kama mama ameniruhusu kutoka. Nikamjibu kwamba ameniruhusu mpaka saa sita. Akaweka kapu lake chini, akanifunga vizuri kitambaa cha shingo, akasema basi niwahi.

Nilicheka, Mama. Nilicheka mpaka kona ya mtaa. Baada ya kona sikucheka tena.

Acha nikukumbushe nilivyofika kwenye benchi hilo, maana unazungumza kana kwamba nilizaliwa juu yake. Shule walinifukuza nikiwa na miaka kumi na sita kwa sababu ya mbuzi aliyekutwa kwenye mimbari amevaa kola ya mwalimu mkuu, na mpaka leo nashikilia kwamba kola ilimkaa mbuzi vizuri zaidi. Oxford hawakunitaka. Jeshi, ama halikunitaka ama sikulitaka mimi, habari zinatofautiana. Ukasema basi limebaki Bunge. Jumatano nikatimiza miaka ishirini na mmoja, Alhamisi nikawa mbunge wa Coldbrook, jimbo la wapiga kura kumi na mmoja wanaokaa katika nyumba kumi na moja, na zote ni zako tangu enzi za babu yako. Mzee Trinder, fundi viatu, ndiye aliyetangulia kutamka jina langu mbele ya watu. Nilipomuuliza kwa nini amenichagua akasema, “Bwana mdogo, usijivune bure. Mimi sijakuchagua wewe, nimechagua paa langu.” Halafu wakanibeba kwenye kiti kuzunguka mji kama desturi inavyotaka, na kwa kuwa wabebaji walikuwa wameshiba bia yako, wakanitupa kwenye bwawa la bata. Nimeingia Bungeni nikinuka bata, na wewe ukaniandikia: kaa nyuma ya mjomba wako, usiseme kitu, niandikie kila siku, upande mmoja wa karatasi.

Upande mmoja wa karatasi. Amri hiyo ulinipa tangu siku ya kwanza uliponipeleka shule. Ulisema wino wa nyuma unapenya na kukusumbua macho. Mtoto wa miaka saba ana sababu gani ya kuyatilia shaka macho ya mama yake? Nimekuandikia miaka kumi na minne, barua zaidi ya elfu tano, zote upande mmoja. Wenzangu walipoandikiwa na mama zao, mimi ndiye niliyeandika. Na hukuwahi kulipa chochote kunisikia. Watu wengine barua ikifika mlangoni wanamlipa tarishi ndipo wanaipata, lakini barua ya mbunge husafiri bure, mradi aandike jina lake pembeni kwa mkono wake. Nilipokuwa shule jina lilikuwa la mjomba Crispin, sasa ni langu. Hapa Bungeni wananiita Katibu wa Mama. Bawabu wetu, mzee Pobjoy, hunitunzia kibao cha kuandikia nyuma ya mlango, na nikiingia hunipa bila kuniuliza, kama mtu anavyompa mlevi bilauri yake.

Sasa tuje Jumanne iliyopita. Wewe umeisikia kwa mjomba. Nisikie na mimi.

Mswada ulikuwa mfupi: Coldbrook ifutwe, na kiti chake wapewe Ackerdale, mji wa viwanda kule kaskazini wenye watu laki moja na hauna mbunge hata wa dawa. Kwenye baraza la mabwana ulikuwa umeshapita, maana Hugh, aliyerithi kiti cha marehemu baba huko, na ambaye ulimtuma akaupinge, siku hiyo alikuwa anamfukuza mbweha. Mbweha, nasikia, alipona. Kwa hiyo ukaletwa kwetu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, ndiyo kwanza mishumaa inawashwa. Desturi yetu unaijua: wanaokataa huinuka wote wakatoka kwenda ukumbi wa nje, wanaokubali hubaki wamekaa, milango inafungwa, halafu watu wanahesabiwa kama kondoo wa mazizi mawili. Kinachopiga kura ni makalio. Ukibaki kwenye benchi umekubali, hata kama umelala. Mwaka jana mzee mmoja wa chama chetu alipitisha kodi ya mishumaa akiwa anakoroma, na kesho yake akaamka akailaani.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma, kibao magotini, kalamu mkononi. Spika akauliza. Hawa wakapiga kelele ya ndiyo, hawa ya siyo. Watu wetu wakainuka, wakapita mbele yangu mmoja mmoja, makoti yao yakinipangusa magoti. Mjomba alitangulia. Kazi yake katika chama ni kuchunga kura, na hakugeuka kunitazama, maana mchungaji hageuki kumtazama kondoo wa nyumbani. Mlango ukafungwa. Nilipoinua kichwa, pande zote walikuwa maadui. Jitu moja nene, mbunge wa Norfolk, likaniinamia na kuniuliza kwa upole kama nimepotea, na kama nimevaa kibandiko chenye jina la nyumbani kwetu.

Waliotoka walikuwa mia moja ishirini na tano. Waliobaki mia moja ishirini na sita. Hesabu sikuwahi kuijua shuleni, lakini hiyo hata mbuzi wa mimbari angeifanya.

Mjomba aliporudi na kuniona pale nilipo, uso ulimgeuka rangi ya mafuta ya mshumaa. Akaniuliza ninafanya nini. Kabla sijafungua kinywa, yule wa Norfolk akanijibia: “Muache, Crispin. Yuko kwenye salamu za mwisho.” Bunge zima likacheka, pande zote mbili, hata Spika alijificha ndani ya wigi lake. Usiku huo huo, nadhani, mchoraji alishika kalamu.

Jumatano asubuhi mjomba akaja chumbani kwangu, akatupa glavu zake juu ya mayai yangu, na kusema kwamba bado kuna dawa. Mswada una kura ya mwisho Jumanne ijayo. Kabla ya kura nisimame niseme, Mheshimiwa Spika, nilikuwa namwandikia mama yangu, sikusikia. Watacheka, watanisamehe, maana hata wao wana mama, kisha nitatoka na wenzangu na hesabu itageuka. Akasema uzuri wa maelezo hayo ni kwamba hakuna mtu London atakayeyatilia shaka. “Ujinga wako, Ludovic,” akaniambia, “kwa mara ya kwanza ni mali ya chama.” Alipotoka alichukua glavu zake, na moja ilikuwa na kiini cha yai. Sikumwambia.

Na leo imekuja mistari yako mitatu, inasema yale yale. Nyinyi wawili mmezoeana.

Mama, mshushe Pompey mapajani, nitakayosema sasa si ya kusikiliza na mbwa.

Unamkumbuka Jasper Thirlby. Alikuja kwetu Krismasi mwaka juzi, akamaliza kokwa zote za jozi za kwenye bakuli, akacheza karata nawe na kukuachia ushinde, ukasema ni kijana mwenye akili. Kiti chake cha Bunge kilikuwa mali ya bwana mmoja mzee mwenye cheo cha duki, kama changu kilivyo mali yako. Novemba iliyopita, tukinywa kahawa, aliniambia kwamba mwaka mpya ukiingia ataunga mkono sheria ya kupunguza saa za watoto viwandani, ingawa duki wake ana viwanda vitatu. Alinieleza hivyo kama mtu anavyomweleza rafiki, mdomo umejaa mkate. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi na sikuwa na kitu kingine cha kukuandikia, kwa hiyo nikakuandikia hilo. Nililipamba. Nilikueleza jinsi jamu ilivyomganda kidevuni wakati anazungumza habari za haki, na jinsi nilivyoshindwa kumwambia.

Siku tisa baadaye duki akamwita Jasper, akamtaka aachie kiti kwa sababu za afya. Jasper akasema yeye hana ugonjwa wowote. Duki akajibu kwamba alikuwa anazungumzia afya yake mwenyewe.

Jasper akaja kwangu, rangi imemwisha, akauliza ni nani aliyesema. Nikamwapia kwamba si mimi. Niliapa kwa jina lako, Mama. Sikuona kosa, maana kumwambia mama yangu sikukuhesabu kuwa ni kusema, kama mtu asivyohesabu kuwa amesema akizungumza na ukuta. Halafu, kwa kuwa mimi ni mjuaji, nikamtafutia mwizi wake. Nikasema hakuna mwingine ila Gunn, mtumishi wake, anayesimama nyuma ya kiti na masikio kama milango ya ghala. Nilizungumza vizuri sana siku hiyo. Laiti ningezungumza vile Bungeni. Jasper akamfukuza Gunn bila barua ya kumsifu, na mtumishi asiye na barua hiyo hapati mlango wa kugonga London nzima. Na Jasper mwenyewe mwezi ujao anapanda meli kwenda Halifax kule Amerika, kuwa karani wa gavana na kuhesabu magogo ya misonobari.

Jumatatu, siku moja kabla ya kura, nilipita nyumbani kwa mjomba kuchukua maagizo. Alikuwa ametoka. Nikakaa mezani kwake, nikakuandikia barua ya siku hiyo, habari za supu ya sungura na daraja jipya, upande mmoja wa karatasi, na nikatafuta lakiri ya kuifungia. Nikavuta mtoto wa meza wa juu, hakuna. Nikavuta wa chini.

Mle ndani kulikuwa na vipande vyembamba vya karatasi, vimefungwa kwa utepe, kila kifungu na jina la mtu juu yake. Nilidhani ni vya mapishi. Kisha nikaona mwandiko wangu. Kila kipande kilikuwa kimekatwa vizuri juu na chini ya mistari miwili au mitatu, na kila ulipopita mkasi kulikuwa na kijino kidogo cha karatasi kimebaki, mahali pamoja, kama jino la mtoto. Mkasi huo naujua. Ni ule wako wa kutarizi wenye pengo kwenye makali. Pengo hilo nililitia mimi nikiwa na miaka sita, nilipokata nao waya wa kizimba cha ndege, na ulinichapa.

Nikafungua kifungu chenye jina Thirlby. “Jasper anasema mwaka mpya ukiingia ataunga mkono.” Jamu ya kidevuni haikuwemo. Ulikata kabla ya jamu. Kilichokuwa kizuri katika habari ile ulikiacha, ukapeleka mfupa.

Nikaendelea mpaka chini kabisa, Mama, afadhali nisingeendelea. Chini kulikuwa na kipande cha njano chenye herufi kubwa kama maharage. “Baba yake Ottley alikuja shuleni akalia mbele yetu. Ottley anasema nyumba yao itauzwa.” Nilikuwa na miaka minane. Niliandika hivyo kwa sababu Ottley alikuwa analala kitanda cha pili na alikuwa analia chini ya blanketi, nami nilitaka umkaribishe kwetu likizo. Nakumbuka ulinijibu upesi kuliko siku zote. Uliniuliza Ottley amesema nini kingine. Nilikimbia na barua ile bwenini nikamwonyesha, nikamwambia, unaona, mama yangu anakujali. Tukakaa tukakusanya yote aliyoyasikia nyumbani kwao, yeye akitaja, mimi nikiandika. Hukumkaribisha. Muhula uliofuata hakurudi shule.

Pembeni mwa kipande kile mjomba ameandika neno moja: Imetumika.

Ndipo nilipojua macho yako hayana neno. Karatasi iliyoandikwa pande zote mbili haikatiki bila kuharibu kitu upande wa pili, ni hilo tu. Nikarudishia kila kifungu utepe wake, barua ya supu nikaitia motoni, nikatoka. Kwa hiyo barua ya Jumatatu hukuipata, kama ulikuwa unaisubiri, na sasa sijui kama uliwahi kusubiri hata moja.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo wewe na mjomba na mchoraji wa picha hamlijui.

Jumanne sikukosea. Kwenye kibao changu kulikuwa na maneno mawili tu, Mama mpenzi, na wino wake ulikuwa umekauka zamani. Nilikaa dakika arobaini natafuta jambo moja la kukuambia lisilokatika kwa mkasi, na mimi, Ludovic niliyewahi kuzungumza na askofu saa mbili kuhusu nguruwe nisiowajua, nilikosa neno. Nilimsikia Spika. Nilisikia ndiyo na nikasikia siyo. Mzee Pobjoy hata alikuja akakohoa karibu yangu, halafu akaninong'oneza, “Bwana mdogo, chama chako kinatoka.” Nikamjibu najua. Akanitazama, akaenda kufunga mlango polepole kuliko kawaida yake, nadhani alikuwa ananipa muda. Miguu yangu ilitaka kuinuka. Umeifundisha vizuri. Ilibidi nishike benchi kwa mikono miwili kama mtoto anayeng'olewa jino, na kila koti lililonipangusa nilishika zaidi.

Watu wakiniuliza baadaye nitasema niliwafikiria watu laki moja wa Ackerdale, na nitalisema kwa sauti nzuri mpaka mtu atoe machozi. Wewe nitakuambia kweli, maana sijawahi kukudanganya na huenda hilo ndilo kosa langu. Ackerdale sikuikumbuka hata kidogo. Nilimkumbuka Ottley chini ya blanketi.

Jumatano nilikwenda kwa Jasper nikamweleza yote. Akauliza kama niliwahi kukuandikia jinsi anavyopenda jozi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama hizo ulizikata. Nikasema hapana. Akacheka kidogo, akanifungia mlango, na mpaka sasa hajaufungua. Gunn nilimtafuta siku mbili, nikamkuta kando ya mto anabeba makaa ya mawe. Nilimwomba radhi mbele ya wabeba makaa, nao walifurahi sana kuona bwana aliyevaa glavu anaomba radhi, wakaniomba nirudie. Nimemchukua awe mtumishi wangu. Leo asubuhi ameninyoa kwa mara ya kwanza. Ana wembe mkali mno na hakusema neno hata moja, nami kwa robo saa nzima sikusema neno. Ungefurahi.

Basi Jumanne ijayo sitasimama kusema nilikuwa naandika barua. Nitakuja bila kibao, nitakaa mikono mitupu, watu wote wanione, na makoti yapite. Mjomba hajui. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, kama siku zote. Barua hii utaipata kesho. Ukikata kipande hiki na kumpelekea, kitamfika Jumatatu asubuhi, na siku moja inamtosha kununua kura mbili za kuziba pengo langu. Kiti chako kitapona, na mimi nitakuwa nimekaa bure.

Lakini geuza karatasi kwanza. Safari hii nimeandika pande zote mbili, na nimepanga kurasa ili ukurasa huu wa mwisho uwe nyuma ya ule wa kwanza. Nimeuinua dirishani nikapima. Nyuma kabisa ya maneno “Jumanne ijayo sitasimama” kuna “Mama yangu mpenzi.” Nyuma ya “mjomba hajui” kuna pale nilipokuuliza hali ya mguu wako. Huwezi kupeleka moja bila kutoboa lingine. Mkasi uko kwenye kikapu chako cha nyuzi upande wa kulia, chini ya uzi wa buluu. Mimi siwezi kukuzuia.

Nina ombi moja. Usimtoe mzee Trinder kwenye nyumba. Coldbrook ikifutwa hutakuwa na haja ya kura yake, lakini yeye alifanya alichoambiwa mpaka mwisho, jambo ambalo mwanao halikumshinda ila kwa siku moja tu.

Nisalimie Hugh, na mbweha wake. Nisalimie Pompey, mwambie apunguze nyama. Wapishi wote wape salamu, na yule wa mikate mwambie hapa London hawajui kuoka. Funika mguu wako vizuri, na usiruhusu daktari akutoe damu, maana damu ya ukoo wetu, kama ninavyoijua, haina ziada.

Na jambo dogo kuhusu posta. Barua hii ina jina langu pembeni, kwa hiyo imekujia bure. Baada ya Jumanne, mambo yakienda ninavyotaka, Coldbrook haitakuwa na mbunge na jina langu halitakuwa na kazi. Jumatano nitakuandikia kama kawaida. Tarishi atasimama mlangoni, atataja bei kama anavyowatajia watu wote, na wewe itabidi uamue kuipokea au kumrudishia. Nakuambia mapema ili usije ukalalamika kwamba umeuziwa mbuzi kwenye gunia: ndani hakutakuwa na habari ya mtu yeyote. Nitakuwemo mimi peke yangu, na pengine supu. Isiporudi kwangu kufikia Jumamosi, nitajua umeilipia.

Mwanao, na mbunge wako mpaka Jumanne,

Ludovic